Wajukuu wa Ndoo

"Ukilimwaga hili pipa, mimi na wewe basi," wifi yangu alisema, huku amelikumbatia pipa kama anaagana na msafiri.

"Basi na iwe basi. Toka hapo."

"Maji yakimwagika hayazoleki, Mama Chiriku."

"Nani kakwambia nataka kuyazoa? Toka, nimesema."

Hakutoka. Ni mwanamke mpana, na pipa lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Kuvisukuma vyote viwili ilikuwa kazi ya wanaume wawili. Ndani ya maji viluwiluwi walikuwa wakijikunja na kujikunjua, wengi kama mbegu za nyanya. Nyuma yangu cherehani zilikuwa zimenyamaza. Mafundi wangu walikuwa wanachungulia dirishani, na mmoja wao, tunayemwita Vifungo, alikuwa ameshatoka nje kabisa, kitambaa begani, asipitwe na neno.

"Hawa unaotaka kuwaua ni wajukuu wa ndoo," wifi alisema. "Mtaa mzima tunawalea. Wewe tu ndiye unayewatafutia kifo."

"Mimi nina mjukuu mmoja, na yuko tumboni mwa binti yangu. Hao wengine siwajui."

Vifungo akacheka. Nilimgeukia, akarudi kwenye cherehani yake.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu, na ni mwenyekiti wa mtaa. Sauti anayotumia kwa kazi zote mbili ni moja. Tunakaa ua mmoja: nyumba yake mbele, yetu nyuma, na karakana yangu ya sare za shule pembeni, mlango wake unafungukia barabarani. Maji ya bomba huja yakipenda, kwa hiyo kila mtu ana mapipa.

Ndoo aliyoisema ilikuwa ya mradi wa baraza la jiji. Homa ya dengi ilipotusumbua msimu wa pili mfululizo, baraza lilibadilisha mbinu. Walikuwa wameshapuliza moshi wa dawa mpaka kuku wakapiga chafya. Sasa wakaja na mbu wao wenyewe. Walileta vindoo vyeupe vyenye matundu karibu na mfuniko, ndani mna maji na mayai ya mbu waliofugwa maabara. Mbu hao, tuliambiwa, wana kijidudu ndani yao kinachowazuia kubeba homa. Wakitoka watachanganyika na mbu wa mtaani, watazaa nao, na kizazi chao nacho hakitabeba homa. Watu walicheka, wengine wakatukana. Wifi yangu alikwenda semina, akarudi na kofia na fulana, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba mtaa wetu utakuwa wa mfano. Ndoo ya kwanza ilitundikwa kwenye ukuta wake.

Mpaka hapo sikuwa na neno. Diploma yangu ni ya ushonaji, si ya wadudu. Mtu akisomea kitu chake namsikiliza, kama ninavyotaka anisikilize nikimwambia kitambaa hiki kitachuja rangi. Lakini baadaye likaingia jambo jingine. Kwamba ndoo isimwagwe, hilo lilikuwa sahihi, lilikuwa limeandikwa kwenye ndoo yenyewe. Kisha wifi akalinyoosha neno: mbu wa ndoo wanataga popote, kwa hiyo viluwiluwi wa popote ni wajukuu wa ndoo, kwa hiyo popote pasimwagwe. Wala mapipa. Wala visahani vya maua. Wala yale maji yanayojikusanya nyuma ya friji. Alipita mlango kwa mlango. Aliyemwaga aliitwa mhujumu wa mradi mbele ya watoto wake. Mtaa uliofundishwa miaka yote kumwaga maji ukafundishwa kuyatunza, na kwa kuwa kutofanya kazi ni rahisi kuliko kuifanya, somo liliwaingia haraka.

Kisha mbu wakazidi. Sisemi wale wa usiku wanaoimba sikioni. Hawa ni wa mchana, weusi, miguu ina mistari myeupe, ndiyo maana mafundi wangu wanawaita mbu wa soksi. Wanapenda kivuli cha chini ya meza na wanapenda kitambaa cheusi. Sisi tulikuwa na oda ya sketi za rangi ya samawati iliyokolea, marundo mpaka sakafuni. Kila fundi aliyekanyaga pedeli alikuwa amekanyaga kiota. Mchana kutwa ilikuwa pa, pa, watu wanajipiga vifundo vya miguu.

Ningevumilia. Lakini mke wa fundi rangi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa amelazwa, fizi zinavuja damu. Watoto wa muuza duka walikuwa wametoka hospitali wamekonda kama penseli. Na binti yangu Chiriku alikuwa ndani, mimba imekaribia kabisa, amekuja kujifungulia kwangu kwa sababu mimi nilitaka hivyo na nilipigania hivyo. Mumewe ni dereva wa malori ya safari ndefu. Asubuhi ile nilikuwa nimemkuta Chiriku kitandani amenyoosha miguu iliyovimba, na kwenye kifundo cha kushoto kuna vivimbe vipya vitatu vimejipanga mstari. Nikatoka nje moja kwa moja nikaenda kwenye pipa.

"Jamani, majirani wanasikia," mume wangu alisema. Alikuwa amefika na gari la mikate analoendesha, bado amevaa aproni ya kiwanda. Katika maisha yake amekaa kati ya dada yake na mke wake, na amejifunza kusimama upande upande ili asigongwe na yeyote.

"Wasikie," nikasema. "Labda watamwaga na ya kwao."

"Mdogo wangu, mwambie mkeo," wifi akasema. "Mwambie kwamba akimwaga wazuri, watabaki wabaya. Akipatwa binti yake asije kulia kwangu."

Hapo ndipo aliponikamata, na alijua. Kama angesema ujinga mtupu ningemwaga bila kusita. Lakini yeye ndiye aliyekwenda semina. Je, kama ni kweli? Je, kama ndani ya lile pipa ndimo ilimo kinga ya binti yangu, na mimi kwa hasira zangu naimwaga mferejini? Mkono wangu ulikuwa umeshika ukingo wa pipa. Niliuondoa.

Niliingia jikoni, nikatoa chupa ya jamu, nikachota maji ya pipa pamoja na viluwiluwi, nikafunga.

"Unakwenda wapi na wanangu?" wifi akauliza.

"Kuwatafutia baba."

*

Afisa wa baraza anayesimamia mradi anaitwa Bwana Mbu na watu wote, hata na bosi wake, nadhani hata na mkewe. Nilimkuta kwenye jengo la nyuma la idara ya afya, chumba chenye joto na unyevu, vizimba vya wavu vimening'inia, sinia nyeupe zimepangwa kwenye rafu, kila sinia na maji na vijidudu vyake. Alikuwa anawatilia chakula kwa kijiko, taratibu, kama anayeweka chumvi.

Niliweka chupa mezani. "Hawa ni wako au si wako?"

Aliinua chupa kwenye mwanga. "Kwa macho siwezi kujua, mama. Hata mimi. Mpaka vipimo."

"Basi nijibu hivi. Hawa nimewatoa kwenye pipa la maji ya kuoshea. Niwamwage au nisiwamwage?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama moto unaunguza. "Mwaga. Mwaga leo. Kwani hamwagi?"

"Mtaa mzima haumwagi. Tumeambiwa ni wajukuu wa ndoo."

Kijiko kilisimama hewani. "Nani amesema hivyo?"

"Mwenyekiti wetu. Alikuwa kwenye semina yako."

"Sisi hatukusema hivyo."

"Mlisema msimwage."

"Ndoo! Msimwage ndoo tu."

"Hiyo 'tu' hamkuisema."

Akavuta kiti akakaa, akanieleza vizuri, na nitasema haki yake: hakujitetea. Mbu wa ndoo ni wachache, alisema. Wanaingia mtaani kidogo kidogo, na itachukua miezi mingi kabla hawajawazidi wa zamani. Mpaka siku hiyo, kila pipa lililo wazi linawazalia wa zamani kuliko wapya, kwa sababu wa zamani ndio wengi. Ndoo inasaidiwa na kumwaga, haichukui nafasi yake.

"Kwa hiyo mwezi wote huu," nikasema, "tumekuwa tunafuga ile ile homa."

"Na kuilisha," akasema, kisha akaona uso wangu. "Samahani. Nitaomba gari la matangazo. Likiidhinishwa, wiki ijayo…"

"Wiki ijayo binti yangu anaweza kuwa anavuja damu. Una simu. Mpigie mwenyekiti sasa hivi, nikiwa hapa."

Alipiga. Nilisikia sauti ya wifi ikitoka kwenye simu, tamu kama sijawahi kuisikia maishani: "Ndiyo, mkubwa. Naam, mkubwa. Hapana, mkubwa, sisi hatukuelewa vibaya hata kidogo."

*

Niliporudi, tangazo lilikuwa limeshaanza. Wifi alikuwa amevaa kofia ya semina, amesimama katikati ya barabara na kipaza sauti.

"Wananchi! Mradi wetu umefanikiwa, na sasa umeingia awamu ya pili! Katika awamu ya kwanza tulitunza maji. Katika awamu ya pili tunamwaga! Kila nyumba imwage, isugue pipa kwa brashi, ifunike! Atakayebaki na maji wazi atakuwa anaturudisha awamu ya kwanza!"

Alinipita karibu, akashusha kipaza sauti. "Umefurahi?"

"Sana, Mwenyekiti. Hongera kwa awamu."

"Usinicheke."

"Sicheki, wifi." Na kweli sikuwa nacheka. Angesema ni awamu ya kumi, angesema ni ndoto aliyooteshwa, mradi maji yanamwagika. Na yalimwagika. Mferejini mlipita maji kama siku ya mvua, na watoto wakavua viatu.

Tatizo likawa moja: bomba lingekuja lini, hakuna aliyejua, na mapipa yaliyokuwa safi watu hawakutaka kuyamwaga wala hawakuwa na mifuniko. Walikuwa wanafunika kwa mabati yaliyopinda na mbao na masinia, na mbu wa soksi anapita penye nafasi ya ukucha. Muuza duka akaja mlangoni kwangu. "Mama Chiriku, sasa pipa langu nilivalishe nini?"

Aliuliza kwa mzaha. Nilitazama robota la bitana lililokuwa kwenye rafu, kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kisha nikatazama lastiki.

"Sketi," nikasema.

Oda ya shule tukaiweka pembeni. Nilikata miduara, mipana kuliko mdomo wa pipa kwa kiganja kimoja kila upande, mafundi wakakunja ukingo na kupitisha lastiki ya kiunoni, ile ngumu ya wanafunzi wakorofi. Unavuta, unavisha, unaachia, pa, linabana. Vifungo alizipa majina kulingana na saizi: msingi, sekondari, mwalimu mkuu. Pipa la wifi lilikuwa mwalimu mkuu. Alikuja mwenyewe kuichukua sketi yake.

"Hii inatosha?" akauliza, akivuta lastiki.

"Haipenyi hata sindano."

"Unajua nilidhani nasaidia," alisema, macho kwenye kitambaa.

"Najua."

"Yule mke wa fundi rangi. Mapipa yake mimi ndiye niliyemkataza."

Nilimpa sketi nyingine ya akiba, akaondoka nayo.

Tulikanyaga pedeli mpaka nyayo zikawaka moto. Na kila baada ya kukata miduara michache niliweka mkasi chini, nikaenda kumtazama Chiriku. Nilikuwa nimemfungia chumbani, madirisha yamefungwa, chandarua kimeshushwa mchana kweupe.

"Mama, umenifanya kuku wa mayai," alisema safari moja. Ndiyo maana anaitwa Chiriku, mdomo haupumziki. Safari iliyofuata aliniuliza kama nimemshonea na yeye sketi ya kumfunika. Safari iliyofuata hakusema kitu.

Nilisimama mlangoni. "Chiriku."

"Kichwa kinauma."

"Kinauma wapi?"

"Kichwani, Mama. Wapi pengine?" Lakini hakucheka. Nilipitisha mkono chini ya chandarua nikamgusa shingoni. Alikuwa wa moto. Nyuma ya masikio, moto. Mgongoni, moto na jasho.

"Macho je? Nyuma ya macho panauma?"

"Kidogo. Sijui. Ukiniuliza hivyo panauma."

Sikumbuki nilivyovaa viatu. Najua kwamba nilivaa kimoja changu na kimoja cha Vifungo, kwa sababu muuguzi ndiye aliyenionyesha.

*

Mume wangu alituendesha kwa gari la mikate mpaka kliniki ya wajawazito, anakwepa kila shimo kana kwamba amebeba mayai. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani vile vivimbe vitatu vya asubuhi na kujiuliza kama kulikuwa na vingine kabla yake ambavyo sikuviona. Aliumwa lini? Mbu yupi? Wa nani?

Muuguzi ni mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alimwekea Chiriku kipimajoto, akasoma, akakitikisa, akamwekea tena. Akamtoa damu. Akatuambia tukae kwenye benchi.

Benchi lile lina ubao uliolegea. Kila mtu akisogea, wote mnasikia. Chiriku alilaza kichwa begani kwangu, na mimi nikawa namchunguza fizi kila anapopumua kwa mdomo.

"Mama, acha kunitazama meno."

"Sikutazami meno."

"Mtoto anacheza. Weka mkono."

Niliweka. Alikuwa anapiga teke, kwa nguvu, bila wasiwasi wowote duniani.

Muuguzi aliita. Nilisimama kwa kasi mpaka ubao ukamrusha mzee aliyekaa mwisho.

"Joto limeshuka," alisema. "Damu haina kitu. Alikuwa amefungiwa wapi?"

"Chumbani. Nimefunga madirisha."

"Kwa joto hili? Ungemchemsha." Kisha akanivuta pembeni, mbali kidogo na benchi. "Leo ni msafi, au kipimo kinasema hivyo. Kesho sijui. Nisikilize vizuri, mama. Huyu hayuko mbali na kujifungua. Homa hii ikimkuta sasa, ninachoogopa ni damu. Akianza uchungu akiwa nayo, damu inaweza kukataa kuganda. Na mtoto anaweza kuzaliwa nayo. Kutoka mtaa wenu nimepokea watu wengi mno mwezi huu."

"Tumemwaga mapipa yote leo. Tumefunika."

"Vizuri. Na walio na mabawa tayari?"

Nilitafuta simu.

Nje ya kliniki nilimpigia Bwana Mbu. Nilimuuliza swali lile lile, walio na mabawa tayari wanaishi muda gani. Alisita, nikajua jibu halitanipendeza.

"Wiki kadhaa," alisema. "Mlichofanya leo kitaonekana, lakini si mara moja. Hao wakubwa wataendelea kuuma mpaka wafe. Tutakuja kupuliza, ila moshi hauwamalizi."

"Na binti yangu hana wiki kadhaa."

"Hana mahali pengine pa kwenda? Mahali pa baridi? Huko juu milimani tunatega mitego na hatupati kitu. Hawapendi baridi."

Nilikata simu bila kuaga. Mahali pa baridi palikuwepo. Palikuwepo tangu mwanzo.

Mama mkwe wa Chiriku anaishi huko juu, safari ya nusu siku, nyumba ya mawe yenye moshi wa kuni, watu wanavaa sweta mwaka mzima. Mimba ilipojulikana, alinipigia simu akaomba Chiriku akajifungulie kwake. Hospitali iko karibu, na mkunga mkuu ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Nilimwambia kwamba binti yangu si kabati la kuazimana. Nikaandaa chumba. Nikapaka rangi, nikashona nepi, vikofia, shuka za kitanda cha mtoto zenye ukingo wa kudarizi ambao mtoto angeutapikia siku ya kwanza. Tangu siku ile hatukuwahi kuongea tena, mimi na yeye. Salamu zilipita kwa watoto.

Niliegemea gari la mikate. Barabara ya kliniki ilikuwa na miti, kivuli kizuri, na kwenye kivuli nilimwona mmoja, wa soksi, amekaa juu ya mlango wa gari ananingoja. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Ndiyo saa yao.

Nilipiga.

"Nani?" Sauti yake ni nzito, kama ya mwanamume.

"Ni mimi, mkwe."

Sauti ilipanda ghafla: "Kuna nini? Kuna msiba?"

"Hakuna. Bado mzima. Mkwe, huku kuna homa, na mtaa wangu umejaa mbu. Nataka kukuletea Chiriku."

"Ajifungulie huku?"

"Ajifungulie huko."

Nilimwachia nafasi ya kunirudishia kabati langu. Ilikuwa haki yake, na nilikuwa nimejiandaa kulipokea.

"Anakula nini siku hizi?" akauliza. "Wajawazito wengine hawataki harufu."

"Hataki kitunguu. Anakula ndizi mbivu sana."

"Na miguu?"

"Imevimba. Ukimkanda asubuhi inapungua. Usimkande kwa nguvu."

"Nimezaa watano, mkwe."

"Najua."

"Lini?"

Nilimtazama Chiriku kwenye kiti cha mbele, anajipepea kwa kadi ya kliniki, anamsimulia baba yake jambo fulani huku baba yake anaitikia kwa kichwa. Ningeweza kusema kesho. Kesho ningefunga vizuri begi, ningeosha zile nguo, ningemlaza usiku mmoja zaidi kwenye kile chumba. Usiku mmoja, na jioni moja, na alfajiri moja.

"Sasa," nikasema. "Baba yake anamleta moja kwa moja kutoka hapa kliniki. Nguo zake nitazituma. Utamvalisha sweta lako."

"Njooni wote."

"Mimi nibaki. Tukiwa wawili kwenye jiko moja tutagombana, na yeye atakosa usingizi."

Akacheka, kicheko kifupi. "Kweli. Mlete."

Muuguzi alikubali asafiri, mradi wasimame kila baada ya muda atembee kidogo, na akaniandikia jina la dawa ya kichwa anayoruhusiwa na ile asiyoruhusiwa kugusa. Nilimpa mume wangu karatasi. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni.

"Mikate ya jioni?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nitampigia meneja wako mimi."

"Basi," alisema, akazunguka kwenda kukaa kwenye usukani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo.

Nilifungua mlango wa Chiriku. "Unakwenda kwa mama mkwe wako."

"Lini?"

"Sasa."

Aliacha kujipepea. "Mama. Ulisema nitajifungulia kwako. Umepaka chumba rangi!"

"Rangi itakauka vizuri zaidi."

"Unanifukuza?"

"Ndiyo."

Akanishika mkono. "Na wewe hauko? Nikianza uchungu, wewe hauko?"

Nilichukua khanga yangu nikamfunika miguu, nikaibana pande zote chini ya mapaja mpaka vifundo vikafichika, kama ninavyobana pindo.

"Nitakuwa kwenye simu," nikasema. "Utanitukana kwa simu. Mama mkwe wako ana sauti kubwa kuliko yangu, atakusaidia kupiga kelele. Pandisha kioo."

"Mama…"

"Pandisha kioo, Chiriku. Wanaingia."

Akapandisha. Niliona mdomo wake unaendelea kusema nyuma ya kioo, kama kawaida yake, lakini sikusikia. Niligonga bodi ya gari kwa kiganja, likaondoka.